Niite Kabla Hujakata Ubao: Barua ya wazi kwa mafundi wa makabati ya jikoni

Ndugu zangu mafundi wa Keko, Mwenge, Tegeta na Mbagala, na kila mwenye karakana anayeingia jikoni kwa watu na futikamba mkononi,

Mimi ni fundi umeme. Nafanya waringi za majumbani hapa Dar es Salaam, huu mwaka wa 19. Tunafahamiana kwa sura. Mimi natoka na ngazi begani, nyinyi mnaingia na mbao. Tunasalimiana mlangoni, kila mtu anaenda na hamsini zake. Barua hii naiandika kwa sababu ya salamu hizo za mlangoni. Zamani zilitosha. Siku hizi, kwa vitu tunavyofunga ndani ya makabati yenu, hazitoshi tena.

Ramadhani iliyopita, saa tano usiku, mama mmoja wa Goba alinipigia simu. Waringi ya nyumba yake niliifanya mimi mwaka 2021, na namba yangu bado ilikuwa imeandikwa kwa penseli ndani ya kifuniko cha bodi ya breka. "Fundi, nisamehe kwa usiku huu," akasema. "Jikoni kwangu kunanuka samaki, na samaki sina." Alikuwa ameshatoa kila kitu kwenye friji, ameosha ndoo ya taka kwa jiki, amemimina maji ya moto kwenye sinki. Mchana harufu inapotea. Jioni akiwasha oveni aoke mikate ya futari, inarudi.

Harufu ile naijua. Plastiki ngumu ya soketi na plagi ikipata joto lisilo lake, kabla hata moshi haujaonekana, hunuka kama samaki aliyelala. Nikamwambia, "Mama, nenda kwenye meni swichi uzime nyumba nzima sasa hivi. Usiguse oveni. Laleni na tochi, mimi alfajiri niko hapo."

Nilipofika nikakuta kabati refu jeupe, milango imelingana kama imechorwa kwa rula. Aliyelitengeneza anajua kazi, nasema hivyo kwa moyo mweupe. Oveni ilikuwa imekaa katikati ya kabati hilo, na badala ya skrubu ilikuwa imegandishwa kwa silikoni pande zote nne, kama kioo cha dirisha. Nikakata silikoni kwa wembe. Kijana wa yule mama akanisaidia kuivuta, maana oveni hizi zinafika kilo 30 na zaidi, na ukiivuta kwa mkono wa mlango unaung'oa.

Nyuma yake kulikuwa na ubao umezibwa wote, hakuna hata tundu la kupitisha kidole. Katikati ya ubao huo soketi yangu, ile niliyoifunga mwenyewe mwaka 2021. Plagi ilikuwa imeyeyuka ikashikamana na soketi, ikakataa kutoka. Upande wa laini ulikuwa na rangi ya ukoko wa wali. Nilipoivunja plagi nikakuta fyuzi ya ndani imezungushiwa karatasi ya fedha, ile ya ndani ya pakiti ya sigara. Na kutoka kwenye soketi hiyo hiyo kulikuwa na ekstensheni imepita chini ya droo kwenda kwenye jiko la kioo lililozamishwa kwenye graniti. Kibandiko cha jiko kilisema wati 6,500. Cha oveni kilisema wati 2,900.

Nikaenda kwenye bodi. Breka ya soketi za jikoni niliyoiacha mimi ilikuwa ya ampia 20. Niliyoikuta ilikuwa ya 32. "Ilikuwa inakata kata," mama akaniambia, "ikabidi tumwite mtu atuwekee kubwa."

Sijui ni nani aliyezungusha karatasi ya fedha, wala sikutaka kujua. Nilichoona ni kwamba kila mtu aliyepita jikoni pale alikuta tatizo la mwenzake na akalitafutia njia ya mkato. Na mtu wa kwanza ni mimi. Mwaka 2021 nilimuuliza mwenye nyumba, "Jikoni unataka soketi ngapi?" Akasema nne, nikaweka nne, nikachukua pesa yangu. Swali la kuuliza lilikuwa, "Mama, hapa utapikia nini?" Sikuliuliza. Wakati ule kila jirani alipikia gesi na mkaa, na mimi nikadhani itakuwa hivyo siku zote.

Haitakuwa hivyo. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, na lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Umeme ni mmojawapo wa nishati hizo. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Mimi nimefurahi kuliko wengi. Mama yangu alikohoa moshi wa kuni maisha yake yote. Lakini umeme wa Rufiji ukishafika Goba unapita kwenye waya niliouvuta mimi, unaingia kwenye kabati ulilolikata wewe. Hatua za mwisho ni zetu sisi wawili.

Ngoja niwaeleze hesabu ninayoifanya nikisimama jikoni, maana ni nyepesi na wewe unaweza kuifanya hapo karakanani. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kibandiko, gawanya kwa 230, unapata ampia. Plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa ina fyuzi ya ampia 13, na 13 mara 230 ni wati 2,990. Hapo ndipo ilipofika, na hapo iko ukingoni. Oveni ya wati 2,900 inayowaka saa nzima imeibana plagi kooni. Jiko la kioo la wati 6,500 linataka ampia 28. Ukiwasha vyote viwili vya Goba unapata zaidi ya ampia 40, kwenye soketi iliyotengenezwa kwa 13 na waya wa 2.5 mm ambao ukutani haupaswi kubebeshwa zaidi ya ampia ishirini na kidogo.

Nasema soma kibandiko, na hapa nina ombi mahususi. Kibandiko cha oveni kiko kwenye fremu, ukifungua mlango unakiona. Cha jiko la kioo kiko chini ya tumbo lake. Ukishalizamisha kwenye graniti na kulizungushia gundi, hakuna atakayekisoma tena mpaka siku ya matatizo. Kipige picha kabla hujalizamisha. Picha moja ya simu, nitumie mimi au fundi umeme yeyote wa nyumba hiyo. Picha hiyo ingeweza kuzuia kila kitu kilichotokea Goba.

Jiko la namna hii linataka njia yake yenyewe kutoka kwenye bodi ya breka, isiyoshirikiana na friji, birika wala pasi. Kwa jiko la kawaida la nyumbani mimi navuta waya wa 6 mm na breka ya ampia 32. Kama bodi iko mbali au mzigo ni mkubwa, navuta wa 10. Oveni naipa njia yake pembeni. Na breka, ndugu zangu, haikuwekwa kumlinda mtu wala jiko. Imewekwa kuulinda waya uliomo ukutani. Inapokata kata inapiga kelele kwamba waya umezidiwa. Anayetoa ya 20 na kuweka ya 32 huku waya ukibaki ule ule wa 2.5 amemtoa mlinzi getini akafunga sanamu. Kuanzia hapo kitu kitakachoyeyuka kwanza ni waya wenyewe, ndani ya ukuta, usiku watu wamelala.

Sasa kwa nini nawaandikia nyinyi na si mafundi umeme wenzangu? Kwa sababu nyinyi ndio mnaofunga mlango wa mwisho. Waya wa 6 mm kuupitisha ukutani kabla ya marumaru ni kazi ya asubuhi moja. Baada ya marumaru kubandikwa na graniti kulazwa, ni kuvunja. Mwenye nyumba anaangalia marumaru zake alizonunua kwa kudunduliza, anasema, "Fundi, hakuna njia nyingine?" Njia nyingine huwa ni ekstensheni. Kila ekstensheni niliyoikuta nyuma ya oveni ilizaliwa na watu wawili ambao hawakuulizana mapema. Wewe unapata ramani ya jiko wiki mbili tatu kabla ya kufunga. Unajua oveni itakaa wapi kuliko hata mwenye nyumba. Mimi naambiwa ukishamaliza.

Na kuna swichi. Oveni na jiko la kioo vinapaswa kuwa na swichi kubwa inayokata laini na nyutro kwa pamoja, ile tunayoiita swichi ya jiko, nyingi ni za ampia 45 na zina taa nyekundu. Mahali pake ni pembeni, kwenye ukuta ulio wazi, mtu aifikie bila kunyoosha mkono juu ya sufuria inayochemka. Isiwe juu ya jiko. Isiwe nyuma ya oveni. Mafuta yakishika moto, mtu ana sekunde chache za kuzima, na hawezi kuzitumia kufungua skrubu za kabati. Basi ukichora kabati, niachie nafasi ya kiganja kimoja ukutani. Hata maungio yenyewe, pale waya wa jiko unapokutana na waya wa ukutani, nayapenda zaidi yakikaa nyuma ya kabati la jirani, lenye mlango wa kufungulika, kuliko nyuma ya oveni penye joto.

Maungio hayo ndiyo roho ya kazi nzima. Skrubu ikilegea kidogo, shaba inagusana kwa nukta badala ya kugusana kwa uso mzima, na umeme unalazimika kupita kwa kusukumana. Hesabu yake inatisha. Ampia 30 zikipita kwenye kizuizi cha omu 0.1 tu, pale pale panazaliwa wati 90 za joto, mahali padogo kama punje ya hindi. Na joto linailegeza skrubu zaidi, na skrubu ikilegea joto linaongezeka. Kwa hiyo kusokota waya kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi, kitu ambacho kwenye taa ya wati 9 kinaweza kukaa miaka bila kuleta neno, kwenye jiko kinaleta neno ndani ya mwezi. Hata waya wa kutoka ukutani kwenda kwenye jiko una aina yake. Waya wa kawaida wa plastiki umetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70, na mgongo wa oveni unaweza kuupita hapo kama waya umelazwa ukigusa bati. Tunatumia waya laini unaostahimili joto, na tunauzungusha mbali na mgongo.

Kuna jambo moja ambalo nawaomba sana mlishike, kwa sababu linatokea mikononi mwenu bila nyinyi kujua. Mkifungua boksi la jiko la kioo mtakuta kifuko kidogo cha plastiki chenye vipande vya shaba, kama pini zilizokunjwa. Vinafanana na takataka. Nimeshavikuta mara tatu kwenye rundo la maboksi nje ya geti. Vipande vile ni madaraja. Majiko mengi yanatengenezwa yaweze kuungwa kwenye umeme wa fezi moja au wa fezi mbili na tatu, na madaraja ndiyo yanayoamua. Kwenye nyumba ya fezi moja yanaunganisha vituo vya laini ili plate zote zipate umeme. Yakikosekana, plate mbili zinawaka, mbili zimekufa, na mwenye nyumba anarudi dukani kugombana. Yakiachwa pasipostahili kwenye nyumba ya fezi tatu, yanaunganisha fezi mbili uso kwa uso, na siku ya kuwasha utasikia mlio ambao hutausahau. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Hakuna plate ya jiko la nyumbani iliyotengenezwa kuzipokea. Kifuko hicho kibandike kwa tepu juu ya kioo, pamoja na karatasi ya maelezo, unikabidhi.

Rangi nazo zina mtego. Nyumba zetu nyingi zimevutwa waya mwekundu, mweusi, na wa kijani na njano. Mwekundu ni laini, mweusi nyutro, wa kijani na njano ethi. Hata mtoto wa fundi anajua. Lakini waya unaokuja na jiko kutoka Ulaya ni wa kahawia, bluu, na mara nyingi mweusi na kijivu. Nyutro pale ni bluu. Mweusi ni laini ya pili! Na kijivu kwenye jiko moja ni nyutro ya pili, kwenye jiko jingine ni laini ya tatu. Mtu aliyekulia kwenye mweusi wa nyumbani anaunga mweusi na mweusi kwa nia njema kabisa, na hapo amepeleka laini kwenye nyutro. Mimi mwenyewe, baada ya miaka yote hii, siungi jiko kwa kuangalia rangi. Naangalia mchoro ulioko karibu na vituo, halafu napima kwa mita. Ndiyo maana naumia nikisikia msaidizi wa kabati ameambiwa, "Malizia tu hapo, ni waya tatu."

Kuhusu hewa nitasema machache, huo ni uwanja wenu na mnaujua kuliko mimi. Oveni nyingi za kuingia kwenye kabati la sentimita 60 zinataka nafasi ya upana wa milimita 560 na kina kisichopungua 550, na nyuma pawe wazi, na chini pawe na mwanya wa hewa kupanda. Feni iliyomo ndani yake inavuta hewa ya ubaridi na kusukuma ya moto. Ukiiziba mgongo inavuta joto lake lenyewe, na MDF inakauka, inapauka, inaanza kunuka. Oveni ifungwe kwa skrubu zake za pembeni, maana mtu atauvuta mlango na kuuwekea sinia la kilo kadhaa, na oveni isiyoshikwa inainama mbele. Silikoni haishiki mzigo, tena inamfanya fundi atakayekuja kesho atumie wembe. Tundu la jiko la kioo mara nyingi ni milimita 560 kwa 490, lakini karatasi ya kipimo iliyomo ndani ya boksi ndiyo ya kufuata, si mazoea. Kingo za ubao uliokatwa zipakwe kitu cha kuzuia maji. Mchuzi ukifurika, unapita pembeni ya kioo na kudondoka kule kule ziliko waya.

Sasa ethi. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo ninapopoteza usingizi. Oveni ni sanduku la bati. Ndani yake kuna koili zenye umeme na joto kali, na koili huchoka. Siku koili ikivujisha umeme kwenye bati, waya wa ethi ndio unaoubeba mpaka ardhini na kuifanya breka ikate. Ethi ikikosekana, bati linabaki na umeme linamsubiri mtu. Nimeingia nyumba ngapi nikaambiwa, "Lile jiko linapiga shoti kidogo, ukipika vaa kandambili." Linasemwa kama vile ni tabia ya jiko, kama mbwa mkali kidogo. Mtoto wa miaka miwili havai kandambili. Anatambaa kwenye marumaru yenye maji, anajivuta asimame kwa kushika mlango wa oveni. Jiko likipiga hata kidogo lizimwe siku hiyo hiyo, na mtu asiigeuze plagi kujaribu bahati.

Pale Goba nilipima ethi na nikakuta fimbo ya ardhini imeoza shingoni, waya unaning'inia. Nilifukia mpya, nikaiwekea njia ya jiko kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampia 30, kile kinachoitwa RCD. Kifaa hicho kinanusa umeme unaotoka bila kurudi na kukata kabla moyo wa mtu haujaathirika. Oveni mpya iliyokaa bohari yenye unyevunyevu wakati mwingine hukifanya kikate siku ya kwanza, kwa sababu koili zimenyonya unyevu. Watu hukasirika wakakitoa. Msikitoe, wala msiruhusu kitolewe. Fundi anajua namna ya kuikausha na kuipima.

Najua mnavyobanwa. Mwenye nyumba anakwambia, "Fundi, hapo ni kuchomeka tu, kwa nini niite mtu mwingine nimlipe tena?" Ukikataa unaonekana huwezi kazi, na salio la pesa yako linaweza kuchelewa wiki nzima. Nimesimama mahali hapo mimi pia, kwa kazi nyingine. Lakini kufunga mifumo ya umeme kuna leseni yake inayotolewa na EWURA, na mwenye leseni ndiye atakayeulizwa. Wewe huna leseni hiyo, na ukiunga waya jina lako ndilo litakalotajwa, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa jikoni wa mwisho. Mwambie mwenye nyumba: kabati langu nalidhamini, waya siudhamini, mwite fundi umeme mwenye leseni na umwombe akuonyeshe. Na kama amekwama kwenye pesa, bora jiko likae kwenye boksi lake mwezi mmoja, apikie gesi, kuliko kulitia kwenye soketi ya pasi.

Kwa upande wangu nimebadilika hivi. Kila nyumba mpya ninayofanya waringi, navuta paipu tupu mbili mpaka ukuta wa jiko, hata kama mwenye nyumba ameapa hatapikia umeme. Paipu ni bei ndogo. Na sifungi bodi kabla sijauliza ni nani atatengeneza makabati, nikachukua namba yake. Nawaomba nanyi mfanye kama hivyo kwa upande wenu. Siku mnapopima jiko la mtu, kabla ya kukata ubao, ulizeni waya wa jiko uko wapi na ni wa unene gani. Mkijibiwa "soketi zipo", hamjajibiwa. Nipigieni mimi au mpigieni fundi umeme mnayemwamini. Kuja kuangalia tu sitozi.

Fundi aliyetengeneza lile kabati la Goba nilimpata kupitia kwa mwenye nyumba. Nilidhani atakuja na ubishi. Alikuja na msumeno. Alipouona ubao wa nyuma ulivyokauka akanyamaza kidogo, akasema, "Mimi niliambiwa umeme upo." Nikamwambia, "Na mimi niliambiwa soketi nne." Tukafanya kazi siku mbili pamoja. Tulivunja marumaru 11, nikapitisha waya wa 6 mm wa jiko na njia ya pili ya oveni. Yeye akatoboa mgongo wa kabati, akaacha mwanya chini, akaweka kijimlango kidogo kwenye kabati la jirani ili maungio yafikiwe. Swichi ya jiko tukaiweka ukutani, mkono wa kulia wa anayepika. Nilirudisha breka ya 20 kwenye soketi.

Tukaiwasha oveni tupu, moto wa juu kabisa, madirisha wazi, plate zote nne zikiwaka na sufuria za maji juu. Baada ya dakika 40 nikaweka kiganja kwenye swichi. Baridi. Mwenzangu naye akaweka chake, akakiacha pale muda mrefu kuliko mimi. Mama akaleta sinia za mikate, ikabidi tubaki kufuturu.

Ile soketi iliyoungua, na plagi imeng'ang'ania ndani yake, ninayo kwenye mkoba wa vifaa. Nikija karakanani kwako nitaiweka mezani, uinuse mwenyewe. Mpaka leo inanuka samaki.